Dawa ya Nguo na Uhai wa Dobi

Katika lugha yetu ya Kiswahili neno "dawa" limebebeshwa mizigo mingi. Tunayo dawa ya homa, na tunayo dawa ya meno. Tunayo dawa ya viatu, na tunayo dawa ya mende. Ya kwanza humezwa ili mtu apone, na ya mwisho hunyunyizwa ili kiumbe afe. Hata hivyo zote mbili twaziita kwa jina moja. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu dawa nyingine ambayo wengi wetu twaifahamu kwa harufu tu, nayo ni ile itumiwayo kufulia suti, makoti na magauni ya harusi katika maduka yaitwayo drai klina.

Si siku nyingi zilizopita nilikwenda kuchukua suti yangu katika duka moja la namna hiyo. Nyuma ya kaunta palikuwa na chumba kidogo chenye dirisha moja, na ndani yake mashine kubwa ikinguruma. Harufu yake tamu ilinipokea mlangoni. Nilimwuliza kijana aliyekuwa akiihudumia mashine hiyo kwamba pipa lile lililo kando yake lina kitu gani. Alinijibu kwa heshima, "Ni dawa tu, kaka." Nilipomwuliza ni dawa ya aina gani, alicheka akasema kwamba anayejua ni mwenye duka. Karatasi iliyobandikwa kwenye pipa ilikuwa imekwisha kufutika. Kijana huyo alikuwa na miaka minne katika kazi hiyo, na kila siku jioni alikuwa akirudi nyumbani na maumivu ya kichwa ambayo yeye aliyadhania kuwa ni ya uchovu.

Hatusemi hayo ili kumlaumu kijana, wala ili kulifungia duka lile riziki yake. Twasema kwa sababu mambo matatu yamekutana katika chumba kile kidogo: afya ya mfanyakazi, biashara ya mwenye mali, na sheria ya nchi. Mambo hayo matatu hayawezi kupatana mpaka kwanza yule aliyesimama mbele ya mashine ajue anachokishika.

Watu wengi hudhani kwamba nguo inayopelekwa drai klina hailoweshwi. Sivyo hivyo. Huitwa ufuaji mkavu kwa sababu maji hayatumiki, lakini nguo huloweshwa kweli kweli, ila ndani ya kimiminika kingine chenye nguvu ya kuyeyusha mafuta na jasho bila ya kuikunja sufi. Nguo huzungushwa ndani ya pipa la mashine, kimiminika kikapita katikati yake na kurudi kwenye chujio. Kisha nguo hukamuliwa, halafu hupulizwa hewa ya moto ili kile kilichobaki kigeuke mvuke. Mvuke huo hupitishwa kwenye kipoza, ukawa kimiminika tena, nacho hurudi tangini kutumika mara nyingine. Kikichafuka sana, huchemshwa katika chombo kilichofungwa, mvuke safi ukakusanywa, na chini ya chombo hubaki tope jeusi. Msikilizaji alishike neno hilo la tope, maana tutalirudia.

Kazi hii ilianza kuwa biashara mjini Paris, Ufaransa, katika karne ya 19, na jina linalotajwa sana ni la Jean-Baptiste Jolly. Yasimuliwa kwamba mafuta ya taa ya tapentaini yalimwagika juu ya kitambaa cha meza chake, na pale yalipomwagikia pakatakata. Baadaye madobi walitumia petroli na benzini, na maduka mengi yaliungua kwa moto. Katika miaka ya 1920 huko Marekani yalipatikana mafuta yasiyoshika moto kwa wepesi kiasi hicho. Ndipo tangu miaka ya 1930 ikaingia perikloroethilini, ambayo mafundi huiita kwa kifupi perki. Perki iliwahi kutengenezwa na mwanasayansi wa Kiingereza Michael Faraday tangu mwaka 1821. Haiwaki moto, huondoa uchafu kwa haraka, na yaweza kutumika tena na tena. Si ajabu basi kwamba ilienea duniani kote, na madobi wakaiona kuwa ni mkombozi.

Lakini mkombozi huyo alikuja na deni lake. Mvuke wa perki ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kujikusanya katika chumba kisichopitisha hewa. Anayeuvuta kwa wingi huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kulegea kama mlevi. Akiuvuta kwa miaka mingi, ini, figo na mishipa ya fahamu yaweza kudhurika. Ikiigusa ngozi mara kwa mara, huikausha na kuipasua. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, liliiweka perki katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2012 idara ya Marekani ya hifadhi ya mazingira nayo ilifikia uamuzi wa namna hiyo hiyo.

Tumeichagua nchi ya Marekani kuwa mfano wetu leo, si kwa kuwa mambo yake yote ni ya kuigwa, bali kwa kuwa huko makosa ya biashara hii yameandikwa kinagaubaga, na kanuni za kuyarekebisha nazo zimeandikwa vivyo hivyo. Mwenye busara hujifunza kwa jeraha la mwenzake.

Katika jimbo la North Carolina kuna kambi kubwa ya wanajeshi wa majini iitwayo Camp Lejeune. Nje ya kambi hiyo palikuwa na duka moja la kufua nguo kwa perki. Maji machafu ya duka yalikuwa yakiingia katika shimo la choo, na tope la mashine lilitumika kuziba mashimo ya kichochoro cha jirani. Hapana aliyedhani kuwa kuna ubaya. Tope ni tope, na shimo ni shimo. Lakini perki ni nzito kuliko maji, na huzama ardhini taratibu mpaka yafikapo maji ya visima. Visima hivyo ndivyo vilivyokuwa vikizinywesha familia za askari katika mtaa wa Tarawa Terrace. Ilipogunduliwa, miaka mingi ilikuwa imekwisha kupita, na visima vilivyochafuka zaidi vilifungwa mwaka 1985. Kiwango kinachoruhusiwa nchini humo katika maji ya kunywa ni mikrogramu 5 tu kwa lita moja. Mnamo mwaka 2022, yaani miaka 37 baada ya visima kufungwa, bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwaruhusu waliodhurika na maji ya kambi hiyo, ambayo yalichafuliwa pia na vyanzo vingine, waidai serikali fidia mahakamani.

Ndugu wasikilizaji, hilo lilikuwa duka moja tu, na wenyewe hawakukusudia kumdhuru mtu.

Kanuni kubwa ya Marekani juu ya maduka haya ilitolewa mwezi Septemba 1993, ikafuatia sheria ya hewa safi iliyorekebishwa mwaka 1990. Ukiisoma kanuni hiyo utaona kwamba haikuishia katika vitisho vya faini. Imeingia chumbani, ikasimama kando ya mashine, ikamwonyesha dobi la kufanya. Humtaka aizungukie mashine yake kwa siku zilizopangwa, atazame mpira wa mlango, viungo vya mabomba, chujio na matangi, asikilize na kunusa kama kuna mahali panapovuja. Akiona uvujaji, autengeneze katika muda wa saa 24. Na ikiwa kipuri hakipo, akiagize kwa siku mbili za kazi, na kikifika akifunge kwa siku tano. Humtaka apime joto la hewa itokayo kwenye kipoza, ambalo halipaswi kuzidi digrii 7.2 za Selsiasi, kwa maana kipoza kisichopoza huuacha mvuke uponyoke. Aidha, humtaka aandike yote hayo katika daftari pamoja na kiasi cha perki alichonunua kila mwezi, na daftari hilo likae dukani kwa miaka mitano.

Huenda msikilizaji mwenye duka akasema kwamba hiyo ni karani wa serikali kumsumbua mfanya biashara. Atazame tena. Perki inayovuja ni mali iliyonunuliwa kwa fedha. Mwenye kuandika kila mwezi amenunua kiasi gani, naye anajua amefua nguo ngapi, huona mara moja mashine inapoanza kumwibia. Nguo inayotoka dukani na harufu kali ni nguo ambayo haikukaushwa sawasawa, na ile harufu anayokwenda nayo mteja ni fedha ya mwenye duka inayopotea hewani. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hata hivyo, wenye kuzitunga kanuni hizo waligundua upesi kwamba karatasi peke yake haizibi ufa. Maduka yale ni madogo; mengi ni ya mume na mke na watoto wao. Katika miji mikubwa kama New York na Los Angeles, wengi wa wenye maduka walikuwa wahamiaji kutoka Korea, ambao Kiingereza cha wanasheria kiliwapita kushoto. Kwa hiyo ilibidi maelezo ya kanuni yatafsiriwe kwa Kikorea, ili afisa na dobi waweze kuelewana.

Jimbo la New York, kwa kanuni zake za mwaka 1997, liliamuru kwamba mwenye duka la perki pamoja na mwendesha mashine wahudhurie mafunzo, wafanye mtihani na kupata cheti. Liliamuru pia kwamba tangazo libandikwe mahali panapoonekana, ili wateja na majirani wajue ni kitu gani kinachotumika humo. California ilidai kila duka liwe na mwendesha mashine aliyefunzwa, tena arudi darasani walau mara moja katika kila miaka mitatu. Massachusetts ilichukua njia nyingine. Ilimpa mwenye duka kitabu cha mwongozo, kisha ikamtaka kila mwaka ajikague mwenyewe na kutia sahihi yake kuthibitisha kwamba ametimiza masharti; asemaye uongo huwa amejifunga kwa mkono wake mwenyewe.

Hapa ndipo penye funzo la kwanza kwetu. Mkaguzi wa serikali hufika mara moja kwa mwaka, au asifike kabisa. Mwendesha mashine yupo kila siku, na yeye ndiye mkaguzi wa kweli. Akifunzwa, sheria huwa na macho mle chumbani. Asipofunzwa, sheria hubaki kabatini mjini.

Funzo la pili latuhusu sote katika jambo la fedha. Mwaka 2003 California ilitunga sheria ya kutoza ada juu ya kila galoni ya perki, ikianza na dola tatu na kupanda dola moja kila mwaka. Fedha hizo ziliwarudia madobi wenyewe: aliyekubali kununua mashine isiyotumia sumu aliweza kupata msaada wa dola 10,000. Kisha mwaka 2007 likapitishwa azimio kwamba kuanzia mwaka 2008 pasifungwe mashine mpya ya perki, na ya mwisho iondolewe ifikapo Januari 1, 2023. Kwa hiyo dobi alipewa miaka 15 ya kujitayarisha. Katika nchi nzima, mashine za perki zilikatazwa kuwa ndani ya majengo ya kuishi watu tangu Desemba 2020. Na mwezi Desemba 2024 serikali ya Marekani ilitangaza kanuni ya kuiacha perki katika maduka yote kwa ratiba ya miaka 10, mashine mpya zikitangulia kuzuiwa. Kanuni hiyo ilipingwa mahakamani na wasioridhika nayo.

Lakini kuna onyo. Wapo waliokimbia perki wakaangukia pabaya zaidi. Baadhi ya maduka yalimimina katika mashine zao kemikali iitwayo bromopropani, yakiambiwa kuwa ni salama. Mwaka 2008 madaktari wa serikali ya Marekani walitangaza habari za mfanyakazi wa duka moja la kufulia katika jimbo la New Jersey, aliyepatwa na madhara ya mishipa ya fahamu baada ya kufanya kazi na kemikali hiyo. Kubadilisha pipa bila ya kubadilisha maarifa si maendeleo.

Njia iliyo salama zaidi, ajabu yake, imerudi kwenye maji. Zipo mashine ambazo hupima kwa kompyuta kiasi cha maji, joto lake na mwendo wa kuzungusha, hata sufi ikaweza kuoshwa bila ya kusinyaa. Kisha nguo huvutwa katika vyombo maalumu na kupigwa pasi mpaka ikarudi katika umbo lake. Njia hiyo yadai dobi anayezijua nyuzi: ipi ni hariri, ipi ni sufi, ipi ni ya kutengenezwa kiwandani. Hivyo mashine ya maji haimfukuzi fundi kazini, bali humtaka awe fundi zaidi.

Sasa, ndugu wasikilizaji, turudi nyumbani Uganda. Sisi tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Majirani zetu wa Tanzania wana ya kwao ya mwaka 2003, na Kenya ya mwaka 2007. Sheria hizi zote zamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, ampe maelezo na amfunze juu ya hatari za kazi. Kwa hiyo hatuwezi kusema hatuna sheria. Tunalolihitaji ni kuitoa sheria kabatini na kuiingiza katika chumba kile chenye dirisha moja.

Mwenye duka anaweza kuanza kesho, bila ya kungoja mkutano. Aandike jina la kimiminika juu ya kila pipa, kwa lugha ambayo wafanyakazi wake waisoma. Afungue njia ya hewa, hasa karibu na sakafu ambako mvuke hutuama. Ahakikishe kuwa mlango wa mashine haufunguliwi kabla ya nguo kukauka, na kwamba mfanyakazi haingizi mkono wazi katika tope. Tope hilo na maji yanayotengwa na mashine visimwagwe mtaroni, shimoni wala nyuma ya duka, bali viwekwe katika chombo chenye kifuniko imara mpaka vikabidhiwe kwa wenye leseni ya kuchukua taka za hatari. Anunue daftari moja, aandike ndani yake. Na asithubutu kutumia petroli kuondolea madoa. Moto ulioteketeza maduka ya karne iliyopita bado ni moto ule ule.

Wakubwa wa vyuo vya ufundi nao wana la kufikiri. Fundi wa magari hufunzwa na kupewa cheti. Fundi wa umeme vivyo hivyo. Kwa nini dobi, anayeshika kemikali kali kila siku, ajifunze kwa kutazama bega la mwenzake? Wakati mashine za perki zinapoondolewa katika nchi tajiri, nazo hutafuta soko jingine kwa bei nafuu. Anayekwenda kununua mashine kuukuu na aulize kwanza: imeondolewa huko kwa sababu gani, nayo ina kipoza chake kamili?

Mwisho, wewe mteja. Tazama ndani ya koti lako, kwenye kitambaa kidogo cha maelezo. Ukiona duara lenye herufi P, maana yake ni kwamba vazi hilo laweza kufuliwa kwa perki. Lenye herufi F, kwa mafuta ya jamii ya petroli. Na lenye herufi W, laweza kufuliwa kwa maji na fundi mwenye ujuzi. Mwulize dobi wako anatumia ipi. Nguo ikitoka na harufu kali, irudishe, au walau itundike penye upepo kabla ya kuitia kabatini.

Swali hilo dogo la mteja lina nguvu kuliko tunavyodhani. Likiulizwa mara kumi kwa siku, mwenye duka atalitafutia jibu. Naye akilipata, kijana wa nyuma ya kaunta atalisikia. Siku atakapoweza kusema jina la kile kilichomo pipani, na kueleza namna ya kujikinga nacho, hapo tutasema kwamba kazi ya udobi imepata heshima yake. Dawa isiyojulikana jina haimponyi mtu.